Programu Yako Inajua Kusubiri?

Wasee wengi wanaoanza kuandika programu hapa kwetu hujifunza kwanza kufanya kitu kitokee. Bonyeza kitufe, rangi ibadilike. Andika jina, lihifadhiwe. Hiyo ni rahisi kwa sababu wewe ndiye unaamua kitokee lini. Kazi ngumu ni ile nyingine, ya kuandika programu inayosubiri kitu usichokiamua. Mteja alipe. Ujumbe ufike. Mtandao urudi. Vitu kama hivi vinatoka nje, vinakuja vikitaka, na siku mbaya vinakuja vyote kwa mpigo.

Tembea kutoka steji ya 111 hapa Ngong hadi sokoni, uhesabu watu wanaosubiri kitu cha aina hiyo. Makanga anangoja nauli iingie kwa simu. Mama mboga anangoja SMS ndio aachilie sukuma. Mtu wa boda ameshika simu mkononi, injini inawaka, anangoja mteja amalize kuweka PIN. Nchi nzima inaishi kwa matukio yanayotoka nje, lakini historia ya jinsi programu zilivyofundishwa kuyasubiri hakuna mtu anaiongelea. Mimi niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, na kwa muda niliokaa pale JavaScript ilikuwa orodha ya maneno ya kukariri kwa mtihani. Neno yield lilipewa mstari mmoja kwenye slaidi. Lilitoka wapi, na nani alilihitaji kwa nini, hatukuambiwa.

Msimamo wangu ni huu: ukielewa hiyo historia utaandika programu isiyopoteza pesa za watu. Usipoielewa utanakili msimbo wa mtu mwingine, utafanya kazi vizuri kwa laptopu yako, halafu utapoteza malipo siku duka litakapojaa wateja.

Jenereta gani hii?

Stima ikipotea mtaani, kitu cha kwanza unasikia ni jenereta za maduka zikianza kunguruma. Jenereta ya JavaScript haina moshi wala petroli, lakini jina linaiingia vizuri.

Angalia vilima vyetu. Mitambo miwili ya kwanza ya upepo iliwekwa pale juu 1993, na leo shamba la KenGen lina uwezo wa megawati 25.5. Mitambo hiyo haiamui lolote. Upepo ukivuma, umeme unakuja. Ukitulia, unapungua. Huwezi kuuambia upepo ungoje kidogo umalize kupiga pasi. Jenereta ya dukani ni kinyume chake: mwenye duka anaiwasha akiihitaji, anaizima akimaliza.

Matukio ya nje ni upepo. Yanakusukuma. Fankshoni ya kawaida nayo ikianza inakimbia hadi mwisho bila kuangalia nyuma. Fankshoni ya jenereta inatoa kitu kimoja ukiomba, kisha inasimama palepale ilipofika, ikikumbuka kila kitu, mpaka uombe tena. Swali la historia hii yote ni moja tu: kitu kinachokuja kama upepo, unafanyaje kikufikie kama stima ya jenereta, yaani ukikihitaji na kwa mwendo wako?

Wazo lina umri wa babu zetu

Watu hudhani jenereta ni kitu cha juzi. Si kweli. Mwaka 1958 Mmarekani Melvin Conway alibuni neno koruutini, na 1963, mwaka tuliopata uhuru, akachapisha makala ya kulieleza. Alikuwa anashughulikia programu ya kutafsiri COBOL, na alitaka sehemu mbili za programu zipokezane kazi bila mmoja kuwa bosi wa mwenzake. Sehemu moja ikikosa kitu inachohitaji, inasimama, inampisha mwenzake, halafu inaendelea palepale ilipoachia.

Mwaka 1975 Barbara Liskov na wenzake pale MIT walikuwa wanaunda lugha iliyoitwa CLU. Walitaka uweze kupitia vitu vilivyo kwenye mkusanyiko kimoja kimoja bila kujali vimepangwaje ndani. Neno walilotumia kutoa kila kitu lilikuwa yield. Miaka 26 baadaye, 2001, Python ikaleta jenereta. Mwaka 2006 Mozilla wakaziweka ndani ya Firefox 2, ila ilikuwa JavaScript ya kwao peke yao, kwa hivyo hungeweza kuzitumia kwa tovuti ya watu wote.

Mpaka hapo, jenereta zilitumiwa sana kwa vitu ambavyo tayari viko ndani ya kompyuta: orodha, faili, hesabu. Kusubiri dunia ya nje kulikuwa bado shida. Na sisi Wakenya, bila kuandika mstari hata mmoja wa msimbo, tulikuwa karibu kuonyesha jinsi inavyofanywa.

Daftari la 2007

M-Pesa ilijaribiwa kuanzia Oktoba 2005, Nairobi na Thika, ikilenga watu wa mikopo midogo walipe mikopo yao kwa simu. Wale wateja wakaanza kuitumia kutumiana pesa wao kwa wao. Tarehe 6 Machi 2007 Safaricom wakaizindua kwa nchi nzima.

Uliza mtu aliyekuwa ajenti siku hizo akueleze kaunta ilivyokuwa. Kuna daftari kubwa. Mteja anakuja kutoa pesa, anatoa kitambulisho. Ajenti anaandika tarehe, namba ya simu, kiasi. Mteja anabonyeza simu yake. Halafu kila kitu kinasimama. Ajenti hajatoa pesa, hajafunga daftari, hajarudisha kitambulisho. Anangoja SMS iingie kwenye simu yake mwenyewe. Mteja anaweza kusema "imeshaenda" mara tano, anaweza hata kukuonyesha simu yake, lakini sheria ni ile ile: mpaka yangu iingie. Ikiingia, ajenti anaendelea na mstari uleule aliouachia katikati. Anahesabu noti, mteja anatia saini, wa pili anasogea.

Hiyo ni yield kwa kalamu na karatasi. Ajenti hajui SMS itakuja baada ya sekunde mbili au dakika kumi. Hajui mashine ziko wapi, na kwa taarifa yako, hadi 2015 zilikuwa Ujerumani. Hakuhitaji kujua. Alihitaji mambo matatu: mahali pa kusimama, kumbukumbu ya alikofika, na ishara moja ya kuaminika ya kuendelea.

Mafuriko ya 2008

Mwaka haukuwa umeisha vizuri kabla tujue upande wa pili wa shida. Baada ya uchaguzi wa 27 Desemba 2007 nchi iliwaka. Tume ya Waki baadaye ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Matangazo ya moja kwa moja ya habari yalikuwa yamepigwa marufuku, na watu hawakujua kinachotokea kijiji cha pili. Tarehe 3 Januari 2008 Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake akiuliza kama kuna mtu anaweza kutengeneza ramani ya kuonyesha ghasia zinatokea wapi. Ndani ya siku chache David Kobia alikuwa ameiandika, pamoja na Erik Hersman, Juliana Rotich na wengine. Wakaiita Ushahidi.

Ramani ilikuwa wazi kwa yeyote. Unatuma ripoti kwa mtandao au kwa SMS. Hapo sasa hakuna foleni ya kaunta. Huwezi kumwambia mtu ambaye nyumba ya jirani inaungua asubiri zamu yake. Ripoti zinaingia wakati wowote, zingine za kweli, zingine uvumi, na binadamu wanaozisoma ni wachache. Miaka miwili baadaye, tetemeko la Haiti la 12 Januari 2010, programu hiyohiyo ya Kikenya ilikuwa inapokea ujumbe kutoka namba fupi 4636, na watu wa kujitolea wanautafsiri na kuuweka kwenye ramani.

Funzo la Ushahidi kwa mwandishi wa programu ni hili: mwendo wa matukio kuingia na mwendo wa wewe kuyashughulikia ni vitu viwili tofauti. Kati yao lazima pawe na mahali pa kungojea. Usipopajenga, kuna ujumbe utapotea, na mwenye ujumbe hatajua.

Kaunta yenye mhudumu mmoja

Sasa turudi kwa JavaScript. Brendan Eich aliiandika kwa siku 10 Mei 1995, akiwa Netscape. Ina mhudumu mmoja. Msimbo wako hufanya kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwa hivyo mhudumu akisimama kungoja SMS, kaunta nzima inaganda: vitufe havibonyezeki, ukurasa hausongi.

Suluhisho la kwanza lilikuwa kolbaki. Unaacha fankshoni yako kwa mwingine na kumwambia: kitu kikitokea, iite hii. Mwaka 2009 Ryan Dahl akaleta Node.js na kolbaki zikahamia kwenye seva. Zilifanya kazi, lakini hadithi yako ikakatwa vipande. Kuomba malipo kuko hapa, jibu liko kule, kuandika daftarini kuko ndani ya jibu, kutuma risiti ndani ya kuandika, na kila hatua inasukuma mstari kulia mpaka msimbo unafanana na ngazi. Ni kama daftari la ajenti ambalo kila mstari uko kwenye karatasi tofauti, na karatasi ziko kwa mifuko ya watu tofauti.

Mwaka 2013 TJ Holowaychuk akatoa maktaba ndogo iitwayo co, iliyotumia jenereta kuandika kazi hizo kwa mpangilio, juu hadi chini. Juni 2015 jenereta zikaingia rasmi kwenye kiwango cha JavaScript, pamoja na Promise. Na mwishoni mwa mwaka huohuo Yassine Elouafi akatoa redux-saga.

Hilo neno saga lina historia pia. Mwaka 1987 Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem waliandika kuhusu shughuli ndefu za hifadhidata. Walisema shughuli ndefu ivunjwe hatua fupi, na kila hatua iwe na hatua ya kuirudisha mambo yakiharibika mbele. Mkenya yeyote aliyewahi kutuma pesa kwa namba isiyo yake na kuomba irudishwe anaelewa hiyo bila kufundishwa.

Josho na mlango wake

Kitu ambacho redux-saga ilifanya vizuri ni kuunganisha upepo na jenereta kupitia kitu kinachoitwa eventChannel. Upande mmoja wa mfereji huo, matukio ya nje yanasukumwa ndani. Upande wa pili, jenereta inachukua moja moja. Fikiria ukurasa wa duka unaopokea taarifa za malipo kutoka kwa seva:

function* kaunta(mlango) {
  while (true) {
    const malipo = yield take(mlango);
    yield call(andikaDaftarini, malipo);
  }
}

Isome tena polepole. Ngoja malipo. Yakifika, andika. Rudi ungoje. Ni yule ajenti wa 2007, mistari sita. While (true) ingemuua mhudumu mmoja kwa fankshoni ya kawaida, lakini hapa haiwezi, kwa sababu kila yield ni mahali pa kusimama na kupisha wengine.

Lakini kuna mtego, na ndio sababu nimeandika haya yote. Mtu aliyekulia Kajiado anajua josho. Ng'ombe wanafika kundi zima na vumbi lao, lakini ndani ya dawa wanapita mmoja mmoja. Kati ya kundi na mlango kuna boma la kungojea. Kwa programu, boma hilo ni bafa. Na eventChannel, usipoiambia kitu, haina boma. Ng'ombe akifika wakati mlango umefungwa, anapotea.

Rudi kwa ile mistari sita. Malipo ya kwanza yamefika, jenereta iko kwenye andikaDaftarini, inachukua sekunde mbili kwa sababu mtandao ni mbovu. Ndani ya sekunde hizo malipo ya pili yanafika. Hakuna anayeyachukua, hakuna boma. Yametoweka. Hakuna ujumbe mwekundu, hakuna kengele. Ukijaribu peke yako na simu moja hutawahi kuiona hitilafu hii. Itaonekana Jumamosi ya mwisho wa mwezi pale Kitengela, watu watatu wamelipa pamoja, na mmoja wao anaambiwa na mwenye duka, "Yako haijaingia."

Unachagua boma lako. Kuna la nafasi maalum, ambalo likijaa linakupigia kelele ya kosa. Kuna linalomfukuza anayefika likiwa limejaa. Kuna linalomtoa aliyekaa muda mrefu zaidi ili wa mwisho aingie. Kuna linalopanuka. Kwa mahali matatu ilipo kwenye ramani, chukua lile linalotoa ya zamani, kwa sababu nani anataka kujua matatu ilikuwa wapi dakika tano zilizopita? Kwa pesa, usithubutu. Pesa zinahitaji boma linalopanuka, na zaidi ya hapo daftari la kweli likae kwenye seva, maana boma la kivinjari linakufa mtu akifunga ukurasa.

"Sawa" ya kwanza si malipo

Safaricom walifungua Daraja 2017, na tangu hapo kijana yeyote mwenye laptopu anaweza kuomba STK Push. Hapa ndipo historia yote inakutana. Ukituma ombi, unajibiwa mara moja na ResponseCode ya 0. Wengi wanaona sifuri wanasherehekea. Hiyo sifuri inasema tu ombi limepokelewa. Mteja hata hajagusa simu. Jibu la kweli linakuja baadaye, kama kolbaki, kwa anwani uliyoacha: ResultCode 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 amekataa, 1037 simu haikupatikana.

Kuna duka moja la mtandaoni, silitaji, lililonikata pesa huku ukurasa wao ukizunguka mpaka nikachoka. SMS ya M-Pesa ninayo, wao hawana oda. Ilichukua siku nne za kubishana na mtu wa huduma kwa wateja. Mimi niliweza kungoja. Kuna mtu ambaye hiyo ilikuwa pesa ya unga.

Ukiwaza kama ajenti, mpangilio unajileta wenyewe. Omba. Simama. Shindanisha vitu viwili, jibu na saa: jibu likifika kwanza, fuata namba yake, saa ikiisha kwanza, usimwambie mteja "imefeli", uliza seva hali ya ombi lile. Na weka CheckoutRequestID daftarini ili tukio lilelile likija mara mbili lisiandikwe mara mbili.

"Lakini hizo zimepitwa"

Najua kuna mtu ananuna. Atasema async na await ziliingia 2017, for await na jenereta za async zikafuata 2018, na hata watu wa Redux wenyewe siku hizi hawapendekezi saga kwa kazi za kawaida. Ni kweli yote. Kama unaanza mradi leo, huenda huhitaji redux-saga hata kidogo.

Lakini angalia zilikotoka. Vivinjari vya zamani vilipokuwa havijui async, Babel ilikuwa inazigeuza kuwa jenereta ndio zifanye kazi. Await ni mdogo wake yield. Na kubadilisha maktaba hakuondoi swali la boma. Ukitumia for await juu ya matukio yanayosukumwa kutoka nje, bado kuna mtu lazima aamue yanayofika ukiwa na shughuli yanakaa wapi. Maktaba itakufichia swali hilo. Haitakujibia.

Ndio maana sikubaliani na wanaosema historia ni ya watu wa kozi za historia. Conway, Liskov, ajenti na daftari lake, wale wa Ushahidi Januari 2008, wote walikuwa wanashughulika na kitu kimoja, na ukiwajua utauliza swali sahihi hata kwa maktaba ambayo bado haijaandikwa.

Leo jioni fungua mradi wako wenye malipo. Weka ucheleweshaji wa sekunde tano kwenye sehemu ya kuandika daftarini. Tuma matukio matatu ya majaribio kwa sekunde moja, kisha hesabu yaliyofika. Kama ni pungufu ya matatu, usiipeleke kwa duka la mtu bado.